Mama Padri wa Ziba

Kipalapala, Tabora
2 Juni 1974

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, na kwamba goti lako halikusumbui sana baridi hii ya asubuhi. Mimi ni mzima. Homa ya mwezi uliopita imeniacha, nakula, nasali na kulima bustani ya seminari kama kawaida. Nisalimie dada Katarina na shemeji, na jirani yetu mzee Mahona, ikiwa siku hiyo hajanuna.

Mama, tumetoka kwenye mafungo ya siku nane. Siku nane bila kuzungumza na mtu isipokuwa Padri Eustace, mlezi wetu wa roho. Siku ya kwanza alitupa swali moja tu: "Kuna kitu gani ambacho Mungu akikuomba leo, utamwambia ngoja kidogo?" Akatuacha nalo.

Baadaye akatufundisha juu ya moyo usiofungwa. Si kwamba tuvichukie vitu au watu, la. Anasema kabla hujachagua jambo lolote, dogo au kubwa, kaa kwanza nalo mpaka upande wowote ule usikutishe tena. Hapo ndipo uchague. Ukichagua kabla ya hapo, anayechagua si wewe. Ni woga wako, au ni tamaa yako.

Nimekuandikia haya kwa sababu tunasikia redioni kwamba operesheni ya vijiji itafika wilaya yetu ya Nzega baada ya mavuno, na watu wote waliotawanyika watahamia pamoja kando ya barabara. Najua nyumba ile aliijenga baba, na kaburi lake liko nyuma yake. Lakini nakuomba, mama, usifungwe na nyumba. Udongo ni udongo. Ukiwa na moyo huru utahama kwa amani.

Nimeanza kuuishi ujumbe huu kila siku na ninaona matunda yake.

Mwanao,
Justus


Ziba
23 Juni 1974

Mwanangu Justus,

Milele, amina. Marahaba. Nimefurahi kusikia homa imekuacha. Goti langu liko palepale, limenizoea nami nimelizoea. Katarina hajambo, na mumewe pia. Mahona nilimpa salamu zako akajibu, "Haya," na kwa Mahona hilo ni neno refu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Huu ni mwaka wa pili nakwenda kisomo. Mistari inapanda mlima, najua, usicheke.

Udongo ni udongo, umesema. Mwanangu, udongo huo niliukanyaga kwa miguu yangu nikiwa na mimba yako. Baba yako Marko alisimamisha miti, mimi nilichota maji ya kukandia, tukakandika kwa mikono yetu. Mtu anayelala kwenye kitanda cha seminari asimwambie mwenye nyumba kwamba udongo ni udongo.

Nilipomaliza kukasirika, niliisoma barua yako mara ya pili. Nikamkumbuka baba yangu, babu yako ambaye hukumkuta. Unajua alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani kwa miguu mara nne, pembe za ndovu begani, mali ya watu. Sisi watoto tulimuuliza kama hakutamani kukimbia nazo. Alikuwa akisema, "Mpagazi mzuri hubeba pembe kama yake, na huitua kama ya mwenzake." Wale waliobeba kama ya mwenzao waliiangusha njiani ikavunjika. Wale walioitua kama yao walilia kila walipofika. Basi huyo Padri Eustace wako si wa kwanza kulijua jambo hili, ingawa amelisema vizuri.

Nimelijaribu kwenye kitu kidogo. Mbegu ya mtama imekuwa haba mwaka huu, mvua unajua zilivyokuwa. Nilikuwa nayo ya kumgawia mtu mmoja, wakaniomba wawili: Katarina na mke wa Mahona. Mkono ulikwishafika kwa Katarina, maana mwana ni mwana. Nikaurudisha. Nikakaa na jambo hilo siku moja nzima nikipura, mpaka nikaona naweza kumpa huyu au yule bila moyo kunidunda. Hapo nikaona wazi kitu ambacho nilikuwa sikioni: Katarina anayo mbegu yake nyeupe, alitaka tu hii nyekundu kwa sababu ni nzuri. Mke wa Mahona hana kabisa. Nikampa mke wa Mahona.

Katarina alininunia siku mbili. Siku ya tatu alikuja kuomba chumvi.

Kuhusu nyumba, niache kwanza. Nikiwa tayari utajua.

Mama yako,
Apolinaria


Kipalapala
14 Julai 1974

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, na unisamehe kwa lile neno la udongo. Nililiandika haraka, kama mtu aliyejifunza kuogelea juzi na leo anawafundisha wengine. Mimi na wenzangu tu wazima, ila chakula kimepungua kidogo kama huko kwenu.

Barua yako nilimsomea Padri Eustace. Alicheka sana, kisha akaniomba niyarudie maneno ya babu. Amesema nikuulize kama unaruhusu ayatumie kwenye mahubiri.

Nami nina jaribio langu. Nilikuwa kiongozi wa kwaya, unajua ninavyopenda kuimba. Mwezi huu nimeondolewa, nikapangiwa banda la nguruwe. Niliandamana na nguruwe wale siku mbili nikiwa na hasira kuliko wao. Siku ya tatu nikagundua kwamba nilichokuwa nakililia si wimbo. Nilikuwa nalilia kusimama mbele. Wimbo bado ninao, hata bandani ninaimba.

Jumamosi tunatumwa vijijini hapa jirani kusaidia madarasa ya kisomo. Mimi nina wanafunzi kumi na wanane, wote watu wazima. Wiki iliyopita mzee mmoja alisoma jina lake ubaoni kwa mara ya kwanza, akageuka kuwaangalia wenzake kama mtu aliyemwona ndugu yake aliyepotea. Nilirudi seminari nikitembea kama sikanyagi chini.

Na sasa habari yenyewe: Baba Gombera, mkuu wa seminari yetu, ametangaza majina. Nimo. Tutapewa ushemasi tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria, na mwaka utakaofuata upadri. Najua utafurahi.

Mwanao,
Justus


Ziba, kijiji kipya
8 Septemba 1974

Mwanangu,

Milele, amina. Marahaba. Sisi wazima, na nakuandikia nikiwa nimekaa chini ya turubai, maana nimehama. Mwambie Padri Eustace ruhusa anayo, ila aseme ni maneno ya mpagazi wa Ziba, asiseme ni ya mtakatifu.

Ngoja nikusimulie tangu mwanzo. Mwezi wa nane Katibu Kata, Lugembe, alituita akatupa tarehe. Mahona akasimama palepale akasema, "Mimi ng'o." Mimi nikarudi nyumbani nikakaa kizingitini. Nilikuwa na hofu mbili. Nikikaa, mgambo watakuja kunitoa kama gunia. Nikiondoka mwenyewe, nimemwacha Marko peke yake na mlango wazi. Nilikaa na hofu hizo asubuhi tatu. Sikulazimisha. Asubuhi ya nne nilichemsha uji, nikanywa, na nilipoweka kikombe chini nikaona kwamba zote mbili zimenyamaza. Naweza kukaa, naweza kuondoka. Ndipo nikajiuliza sasa lipi lina maana, na jibu lilikuwa jepesi kama kujibu hodi: Katarina anahama na watoto wake, kisima kiko huko, na mimi nina goti moja. Nikamwambia mkwe wangu alete mkokoteni.

Mlango wa mninga niliung'oa, huo nimekuja nao. Kinu, mchi, jiwe la kusagia, vihenge viwili. Kaburini nilisali rozari moja. Nikamwambia Marko, "Naenda mwendo wa saa mbili, si Ulaya." Sikulia. Nililia baadaye nilipoona mkokoteni umemponda kuku mtamiaji, na nadhani machozi yote yalikuwa yakingoja hapo.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Lugembe akasema, "Mama, wewe umekuwa mfano, chagua kiwanja chochote." Kulikuwa na cha karibu na kisima, na kingine mbali, upande wa mbuga. Najua unachofikiri. Unafikiri nilichagua cha mbali kwa ajili ya roho yangu. Hata mimi nilianza hivyo! Nikawa naelekea mbugani huku nikijiona mwema kweli. Njiani nikajishika. Nikaona ninataka cha mbali ili watu waone. Goti ni sababu ya kweli, na sifa si sababu. Nikarudi nikachukua cha karibu na kisima, bila haya.

Mahona hakuhama. Mgambo walikuja tarehe mosi, wakavuta nyasi zote za paa lake. Mtama wake ukamwagika uani. Alikaa kwenye kigoda katikati ya nyumba isiyo na paa mpaka jua lilipozama, ndipo akanyanyuka, na mkewe amejitwika kinu. Tulimpokea. Hakusalimia mtu. Amepewa kile cha mbugani.

Wengi hapa hawana furaha, mwanangu, na sitakudanganya kwamba wanayo. Lakini wananiuliza, "Wewe unawezaje?" Nami nawaambia yale ya moyo usiofungwa, wakae na jambo mpaka pande mbili zilingane kama mizani. Siku hizi wanakuja kuuliza kila kitu: auze fahali au amngoje, amwoze binti au amwache shule. Na wote sasa wananiita Mama Padri. Kisimani wananipisha. Kanisani, chini ya kile kibanda chetu cha matete, wameniwekea kigoda mbele. Wanawake wameshona sare ya kuja Tabora tarehe 8 Desemba, kitambaa cha buluu, tutakuwa kumi na saba. Nasema haya nikicheka peke yangu hapa. Moyo wangu ni mweupe, Justus. Sijawahi kuwa huru hivi.

Mama yako,
Apolinaria


Kipalapala
29 Septemba 1974

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikamcheka kuku na kumlilia Mahona.

Hii ninayoandika sasa ni ya nne. Tatu nimezichana.

Mama, wewe umeiweka nyumba kwenye mizani. Mimi nimeweka kwaya, nimeweka chakula, nimeweka hata afya yangu. Kuna kitu kimoja sikuwahi kukiweka. Nilikizunguka kama mtu anavyozunguka shimo bila kulitazama. Wiki iliyopita Padri Eustace aliniita, akaniuliza, "Justus, tuseme mama yako asingejua kamwe, na kijijini asingejua mtu yeyote. Ungechagua nini?"

Nilijibu kabla sijafikiri. Nilisema, "Ningefundisha."

Yeye hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka.

Simaanishi kwamba nimeacha kumpenda Mungu. Wala hakuna msichana, kama utajiuliza. Ni kwamba kila Jumamosi, nikiwa na chaki mkononi, najua niko mahali pangu, na kila siku nyingine ya wiki najitahidi. Nilidhani kujitahidi huko ndiko wito. Huenda ndiko. Sijui. Na siwezi kuchagua, kwa sababu upande mmoja bado unanitisha, na kinachonitisha ni uso wako.

Wewe umenishinda katika jambo hili, nakuuliza kama mwanafunzi. Niambie neno. Nitalisubiri.

Mwanao,
Justus


Kipalapala
27 Oktoba 1974

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sijapata barua yako, huenda posta imechelewa kwa sababu ya kuhamahama huku. Kuna mtu wa Ziba alipita sokoni Tabora akasema amekuona umekwenda kisimani, mzima kabisa. Nilimshukuru Mungu.

Nasubiri.

Mwanao,
Justus


Kipalapala
17 Novemba 1974

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Sina hakika kama umeumwa au umekasirika. Naona ni hilo la pili, kwa sababu Katarina angeniandikia kama ungekuwa unaumwa.

Basi nimeelewa. Usihangaike kunijibu. Tarehe 8 Desemba nitapokea ushemasi pamoja na wenzangu. Nimeamua kwa amani. Njooni wote kumi na saba, nitawatafutia mahali pa kulala kwa masista. Yale niliyoandika mwezi wa tisa yasahau, ilikuwa ni uchovu.

Mwanao,
Justus


Ziba
26 Novemba 1974

Justus mwanangu,

Milele, amina. Marahaba, marahaba zote ambazo sikuziitikia. Barua hii anakuletea Katarina mwenyewe kwa basi, nisingeiamini posta. Nimemwambia asisubiri jibu. Kaa nayo kwanza.

Mimi ni mzima. Sikuumwa. Nitakuambia nilichofanya na wewe utanihukumu.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata mbele ya watu. Wakauliza, "Padri wetu anasemaje?" Nikasema, "Anawasalimu, maandalizi yanaendelea." Nikaingia ndani nikaitia kwenye chungu cha unga, chini kabisa. Nikajiambia nitaijibu kesho. Kesho yake nilikwenda kisimani, wakanipisha, nikapita. Wiki nane, Justus. Kila asubuhi nilisonga ugali kutoka chungu kile, na kila siku unga ulipopungua nikaongeza mwingine juu, nisije nikaiona.

Na watu waliendelea kuja kuniuliza mambo yao, nami nikawajibu. Nilimwambia mwanamke mmoja amwache binti yake aende shule, asimfunge. Nilisema vizuri sana, akalia. Nikajisikia vibaya alipoondoka, nikasema ni joto.

Ijumaa iliyopita Mahona alikuja. Hajawahi kukanyaga kwangu tangu tuhamie. Nikamkaribisha, akakataa kukaa. Akasema, "Apolinaria, nataka nikuambie kitu. Watu wanakusifu kwamba ulihama bila kulia. Mimi nililia, sioni haya. Unajua kwa nini wewe ulihama kirahisi?"

Nikasema, "Mungu alinisaidia."

Akasema, "Wewe ulikuwa na kitu kingine cha kushika. Mimi nilikuwa na nyumba. Wewe ulikuwa na padri. Mtu mwenye mikono miwili huachia upesi mkono mmoja."

Akaondoka. Hakujua chochote kuhusu barua yako. Alikuwa anasema tu kwa uchungu wake. Lakini nilikaa chini pale uani kama mtu aliyepigwa.

Ni kweli, mwanangu. Niliacha nyumba, niliacha kaburi, nikadhani nimemaliza. Jina hili la Mama Padri sikuliona kama kitu. Lilikuwa halina uzito, sikulibeba begani. Kumbe nilikuwa nimelikalia. Nimekuwa nikikupa kwa Mungu tangu ulipobatizwa, huku nimeshika upindo wa nguo yako usije ukaenda kwingine.

Barua yako ya mwezi huu inasema umeamua kwa amani, nikajua ni mimi niliyekuamulia. Nilitoa ile ya mwezi wa tisa chunguni. Nikajaribu kukaa nayo kama ulivyonifundisha. Haikufaa. Jumamosi nzima upande mmoja ulinitisha: nikikuona huna kanzu, moyo unakwenda mbio. Nikajua hii haitanyamaza kwa kukaa. Mzigo mwingine huuweki chini mpaka watu wakuone ukiuweka.

Basi juzi, Jumapili ya Kristu Mfalme, katekista alipomaliza akauliza kama kuna tangazo. Nikasimama.

Nikasema, "Ndugu zangu, naomba kuanzia leo msiniite Mama Padri."

Watu wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu. Mke wa Mahona akasema, "Tukuite Mama Askofu?" Wakacheka zaidi.

Nikasema, "Justus hajaamua. Aliniandikia tangu mwezi wa tisa kwamba hana hakika. Nikaificha barua, nikawadanganya ninyi nyote, kwa sababu nilipenda mnavyonipisha kisimani. Na jina hili mnaloniita limekuwa kamba shingoni mwake, na anayeivuta ni mimi. Naomba mniite Apolinaria."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja akaanza kukunja ile sare ya buluu aliyokuwa ameishika, polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha katekista akasema tusali, tukasali, tukatoka. Hakuna aliyenipisha mlangoni, nikasubiri zamu yangu.

Mahona alikuwa nje, unajua yeye haingii. Alikuwa amesikia yote kupitia matete. Akanitazama akasema, "Leo ndiyo umehama."

Nimeandika mengi na mkono unauma. Sikiliza sasa. Usipande altareni kwa ajili yangu. Wala usishuke kwa ajili yangu, ukidhani kwamba kwa kuwa nimesimama mbele ya watu unadaiwa kitu. Ukiwa shemasi, nitakuja nikuone. Ukiwa mwalimu, nitakuja nikuone vilevile, kwa basi lilelile. Jana nilijipima. Bado kuna upande mmoja unaouma kidogo. Hautishi tena.

Nisamehe ukimya wangu.

Mama yako,
Apolinaria


Kipalapala
5 Desemba 1974

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, shikamoo tena. Katarina alifika salama, miguu imejaa vumbi. Alinikabidhi barua akasema, "Nimeambiwa nisisubiri," akageuka kweli. Nilimkimbilia na maji ya kunywa.

Sikukuhukumu. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye nyasi.

Siku mbili za kwanza nilitaka kuondoka saa ileile, kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Padri Eustace akaniambia, "Mbuzi naye hajachagua. Kaa." Nikakaa. Siku ya nne nilikuwa napalilia kabichi, na nikajiona pande zote mbili. Nikajiona altareni, nimetulia. Nikajiona darasani, nimetulia. Hakuna uso wa mtu uliosimama katikati. Nilimaliza tuta lile lote, nikaanza jingine, na nikiwa hapo nikatambua kwamba najua. Hakuna sauti iliyosema. Nilijua tu, kama unavyojua njia ya nyumbani bila kuhesabu njiapanda.

Nilikwenda kwa Baba Gombera. Alikuwa akiandika. Nikamweleza. Akavua miwani, akasema, "Umechelewa, Justus. Lakini hujachelewa sana." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumapili wenzangu watapewa ushemasi, nami nitaimba kwenye kwaya, safu ya nyuma. Nimeomba mwenyewe. Baada ya hapo nitakuja nyumbani, kabla ya Krismasi. Sijui watu watasema nini. Nitashuka basi mchana na kupita katikati ya kijiji.

Mwanao,
Justus


Ziba
13 Aprili 1975

Mwanangu Justus,

Milele, amina. Marahaba. Tangu ulipoondoka baada ya sikukuu tumekuwa wazima, na mvua zimenyesha kidogo kuliko tulivyoomba lakini zimenyesha. Mtama umefika kiunoni. Nimefurahi kusikia umepata darasa huko Kigwa na watoto sitini, ingawa madawati hakuna. Waangalie macho, mtoto mwenye njaa hutazama mlangoni.

Unaniuliza uchukue chumba karibu na shule au ukae kwa ile familia ya mwisho wa kijiji. Sitakuambia. Kaa na jambo hilo. Nitakuambia tu kwamba sababu ya kweli kwa kawaida ni ndogo na haina sauti, kama goti.

Utataka kujua habari zangu, na nitakuambia bila kupaka mafuta. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Kuna waliosema nilikuroga usiwe padri ili unitunze uzeeni. Kigoda cha mbele amepewa mwingine. Mwezi wa pili alipadrishwa kijana wa parokia ya jirani, tulikwenda wote, na mama yake alipotembezwa mbele kwa vigelegele nilihisi kitu kimenichoma hapa chini ya titi. Nikakiacha kichome. Kilipomaliza nikapiga vigelegele na mimi, nadhani kuliko wote. Wale wanawake kumi na sita walivaa sare zao siku hiyo, na mimi yangu, kwa hiyo kitambaa hakikupotea.

Watu wameanza tena kuja kuniuliza mambo. Si wengi kama zamani, lakini sasa tunazungumza zaidi na mimi nimepunguza kuhubiri. Mahona huja kila juma. Tulimsaidia kuezeka, mkwe wangu na vijana wa nyumba kumi, na alipopanda juu kufunga fito ya mwisho nilimsikia akiimba. Sijamwambia nilimsikia.

Jambo jipya ni hili. Mwalimu wetu wa kisomo amehamishwa. Lugembe akaja akaniomba nichukue kundi la wanaoanza, kwa kuwa mimi nasoma na kuandika bila shida. Nikamwambia anipe siku tatu. Nilitaka sana kukubali, hivyo nikajua sijawa tayari kukubali. Siku ya kwanza nilitaka, siku ya pili nilitaka, siku ya tatu nilikuwa napepeta mtama nikasahau kabisa kama kuna jambo. Nilipokumbuka nikaona naweza kusema ndiyo au hapana na chakula cha mchana kikawa na ladha ileile. Nikasema ndiyo.

Wako ishirini na mmoja. Mahona naye yumo, anashika chaki kama mpini wa jembe, amevunja saba. Jumanne aliandika jina lake lote. Alilitazama, akanizuia nisilifute, tukaenda nyumbani likiwa ubaoni.

Sasa wameanza kuniita Mwalimu. Njiani, kisimani, kila mahali: Mwalimu, Mwalimu. Nami nimegundua, mwanangu, kwamba wakiita nageuka haraka mno.

Niombee.

Mama yako,
Apolinaria